Sosi ya kotimiri ya saladi, bila maziwa wala mayai

Dada, umesema sosi yako inajitenga na inakuwa chungu. Uchungu ni wa mafuta ya zeituni: yakisagwa sana kwenye blenda huwa machungu. Yatie mwisho, vijiko 2, ukikoroga kwa mkono kidogo kidogo.

Kinachoishikanisha ni korosho. Loweka nusu kikombe, mbichi, kwenye maji ya moto dakika 30, mwaga maji hayo. Saga na maji safi nusu kikombe, ndimu vijiko 2, punje ya kitunguu saumu na chumvi, mpaka ukisugua kati ya vidole usisikie chenga. Hapo usiharakishe! Kotimiri ifuate, fungu dogo lililokauka maji, sekunde 10 tu. Vikonyo vyake laini usitupe, vina harufu tele. Kwenye friji ikizidi uzito, ongeza maji kijiko.