Ethi ya mnara wa antena: rodi moja haitoshi

Mkuu, umeuliza kama rodi moja ya ethi (fimbo ya chuma ya kupeleka umeme ardhini) uliyogongelea chini ya mnara wako wa mita 12 hapo Mbezi inatosha, maana fundi kakwambia ethi ya redio isiguse ethi ya nyumba. Rodi moja haitoshi, na hilo la fundi ni la hatari. Mimi nilifanya hivyo hivyo Kigamboni.

Masika moja radi ilipiga mnazi wa jirani, wala si mnara wangu. Redio ilikuwa imezimwa. Nilipoifungua asubuhi, njia za shaba kwenye bodi zilikuwa zimefutika, na masizi yametambaa kutoka tundu la antena hadi unapoingia waya wa umeme. Radi ikiingia ardhini karibu yako, ardhi ya mnarani hupanda maelfu ya volti kuliko ardhi ya upande wa mita ya LUKU. Nilikuwa na ethi mbili zisizojuana, na daraja pekee kati yao lilikuwa koaksia (kebo ya antena), redio yangu na soketi ya ukutani. Mkondo ukapita hapo hapo.

Kwa hiyo ziunganishe. Gonga rodi tatu za mita 2.4, ziachane kama mita 5. Ukizibananisha zinagombania mchanga uleule. Zifunge zote kwa waya mtupu wa shaba uliofukiwa, na waya huo ufike hadi rodi ya ethi ya nyumba. Hapo mwisho mpe kazi fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.

Waya upite njia fupi, usiwe na kona kali. Mita moja tu ya waya ina takriban maikrohenri 1 ya indaktansi, yaani tabia ya waya kupinga mkondo unaobadilika ghafla: mkondo ukipanda ampea 10,000 ndani ya maikrosekunde moja, kati ya ncha zake mbili kuna volti 10,000. Ndiyo maana mkanda mpana wa shaba ni bora kuliko waya mwembamba, hata kama kipimo cha omu (ukinzani wa ethi) kinakufurahisha. Na ukipima, pima Februari mchanga umekauka. Kipimo cha Mei kitakudanganya.

Ganda la koaksia, yaani wavu wa chuma ulio chini ya plastiki ya nje, lifunge kwenye mnara juu na chini, kisha kebo ipite kwenye kizuia radi kilichofungwa kwenye bamba la shaba nje ya ukuta, nalo liungwe kwenye ethi hiyo hiyo.

Chumvi ya bahari nayo usiidharau. Klampu yangu ya kwanza ilikuwa shaba juu ya chuma cha zinki. Baada ya mwaka niliifungua nikakuta unga mweupe, na chini yake kutu. Sasa katikati naweka kipande cha stenlesi. Lehemu usiitegemee kabisa, radi huiyeyusha.

Ukishachimba, weka hapa picha ya njia ya waya kabla hujafukia, tuiangalie pamoja.