Jibu: Wiki nzima nyumbani na mtoto wa darasa la sita

Dada, umeuliza wa darasa la sita afanye nini wiki nzima bila kushinda kwenye runinga. Mimi huku Uyole, Mbeya, msimu wa mvua huanza na mvua yenyewe. Mpe kopo lenye pande zilizonyooka, aliweke uwanjani, kila asubuhi apime kwa rula na kuandika. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Apime urefu na upana wa nyumba, apige hesabu bati limemwaga ndoo ngapi. Wa kwangu alibishana na baba yake hadi usiku! Jumatano nenda naye sokoni, kama mimi na wangu Mwanjelwa, yeye ndiye alipe na kudai chenji. Insha moja inatosha: Mkwawa, chifu wa Wahehe, na fuvu lake lililorudishwa Kalenga, Iringa, kutoka Ujerumani 1954. Ijumaa mwache acheze.