Mwanangu alizaliwa usiku wa Amavasya: je, ana nuksi?

SWALI: Pranam, Maharaj. Mwanangu wa kiume alizaliwa usiku wa Amavasya, usiku ambao mwezi hauonekani, na sasa ana miezi kumi na minne. Muda mfupi baada ya kuzaliwa kwake mume wangu alipata hasara kubwa dukani. Akaletwa mnajimu nyumbani, akasema nuksi inatoka kwa mtoto: alelewe kwa mjomba wake mpaka atimize miaka saba, na ifanyike puja, yaani ibada, ambayo gharama yake inalingana na kodi ya duka ya miezi sita. Tangu siku hiyo mama mkwe hampakati mjukuu wake ikifika Amavasya. Je, ni kweli usiku huu una laana?

JIBU: Binti yangu, barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikifika pale bibi anapokataa kumpakata mjukuu nashindwa kuendelea. Basi nitangulize hukumu ili leo ulale: mtoto wako hana nuksi. Usimpeleke kwa mjomba. Hizo fedha usizitoe.

Sasa tuje kwa huyo bwana. Hoja yake ni kwamba mwezi ukifa, bahati nayo hufa. Nani kamwambia kwamba mwezi unakufa? Shatapatha Brahmana, ufafanuzi wa kale wa Veda, maandiko yetu matakatifu, inasema kinyume chake kabisa. Inasema mwezi ndiye Mfalme Soma, chakula cha miungu, na usiku ule asipoonekana mashariki wala magharibi, amekuja huku duniani kwetu, ameingia kwenye maji na kwenye mimea. Amelala nyumbani. Jina lenyewe limetoka hapo: *ama* ni nyumbani, pamoja, *vas* ni kukaa. Aliyekulia pwani hahitaji kitabu kuamini hili, maana siku hizohizo ndizo za bamvua, bahari inapojaa hadi kugusa ukuta na kisha kupwa mpaka mwamba ukaonekana. Mwezi uliokufa hauvuti bahari namna hiyo.

Kuna zaidi. Katika kitabu cha saba cha Atharvaveda, mojawapo ya Veda nne, umo wimbo anaoimbiwa Amavasya mwenyewe kama mungu wa kike. Anaitwa *subhage*, yaani mwenye bahati njema, na anachoombwa ni mali na wana mashujaa. Hebu lisome hilo polepole, binti yangu. Veda inamwomba Amavasya watoto, wewe umepewa mtoto usiku wake, halafu anakuja mtu na almanaka kwapani anakwambia umfukuze!

Najua atakavyojibu. Atasema Brihat Parashara Hora Shastra ina sura nzima juu ya waliozaliwa Amavasya, na inataja umaskini kwa wazazi. Ni kweli, sura hiyo ipo, siifichi. Lakini hicho ni kitabu cha unajimu, si Veda, na unajimu ukigongana na Veda unaopisha ni unajimu. Pili, asome mpaka mwisho. Dawa inayotajwa mle ni chungu cha maji na majani ya miti, sanamu za Jua na Mwezi, sadaka ya moto, kisha maji yale wananyunyiziwa mtoto na wazazi wake. Mtoto na wazazi, pamoja! Hiyo miaka saba kwa mjomba kaitoa wapi? Kaitoa kwenye hofu yenu, kwa sababu mtu aliyeshikwa na hofu haulizi bei.

Tithi, yaani siku za mwezi wa kuandama, katika mwezi wetu ni thelathini, na Amavasya ni moja kati ya hizo. Kwa hiyo karibu mtu mmoja katika kila thelathini amezaliwa siku hiyo. Kwa India pekee ni zaidi ya watu milioni 40. Wote hao wamefilisi baba zao? Shani mwenyewe, mungu wa sayari ya Zohali, ambaye wanajimu wanamtetemekea kuliko sayari zote, siku yake ya kuzaliwa tunaiadhimisha siku ya Amavasya.

Lakini hoja ninayotaka uipeleke mezani kwenu ni hii. Muulize mume wako, kwa upole: daftari za duka hufunguliwa lini? Atakwambia Diwali, kwenye Chopda Pujan, ibada ya kubariki daftari za hesabu. Na Diwali ni nini kama si Amavasya? Usiku huo mume wako huchukua daftari jipya lenye jalada jekundu, akaandika *Shubh* na *Labh* ukurasa wa kwanza, baraka na faida, akaweka ua juu yake, na nyumba nzima ikamkaribisha Lakshmi, mungu wa kike wa utajiri, kwa taa mlangoni. Usiku ambao duka linaombewa utajiri haugeuki kuwa usiku wa nuksi kwa sababu tu mtoto kazaliwa ndani yake. Huko Bengal usiku huohuo wanamwabudu Mama Kali, mungu wa kike. Na Prayagraj, Mauni Amavasya ndiyo siku kubwa kuliko zote ya kuoga pale mito inapokutana. Hakuna anayesafiri siku tatu kwenda kuoga kwenye laana.

Ni kweli hatufungi ndoa siku hiyo, na hapo ndipo watu wanapochanganya. Amavasya ina wenyewe. Ni siku ya *pitru*, wazee wetu waliotangulia, na nyumba yenye wageni wazito haipangiwi harusi. Nilipokuwa mdogo mama alikuwa akipika wali wa maziwa asubuhi ya Amavasya ya wazee wote, ile inayofunga nusu mwezi ya shradha, ibada za kuwakumbuka marehemu. Fungu la kwanza alilipandisha juu ya paa kwa ajili ya kunguru, na hakuna aliyegusa chakula mpaka kunguru atue. Baba alikaa chini na maji yenye ufuta mweusi kiganjani, akayamwaga taratibu kupitia kati ya kidole gumba na cha shahada, huku akitaja jina la baba yake, babu yake, na baba wa babu. Mimi nilikuwa nahesabu matone. Sikuwahi kuuogopa usiku huo.

Sasa fanya hivi. Amavasya ijayo mume wako atoe *tarpan*, sadaka ile ya maji, kwa ajili ya wazee wake waliotangulia, na mtoto awe pembeni yake, maana majina yale siku moja atayataja yeye. Mama mkwe akitaka shanti, ibada ya kutuliza, kwa utulivu wa moyo wake, ifanyike ndogo hekaluni, kwa dakshina, sadaka ya kuhani, ya kawaida, na mtoto awe mapajani pako. Hasara ya duka itafutwe ndani ya daftari: nani alikopeshwa, mzigo gani ulikaa, bei ipi ilikosewa. Mtoto wa miezi kumi na minne hajasaini hundi yoyote.

Na mama mkwe usimgombeze. Ameogopeshwa, na anaogopa kwa sababu anawapenda. Jioni hiyo washa taa ya samli, umwombe aishike yeye. Kisha, mikono yake ikiwa bado na joto la taa, mpe mtoto.