Kabla kifua hakijafunguliwa mara ya pili

Msomaji wetu wa Kayole ametuandikia wiki hii. Alipasuliwa moyo utotoni kwa sababu ya Tetralojia ya Fallot, kasoro ya moyo ya kuzaliwa nayo inayobana njia ya damu kwenda mapafuni, akaambiwa amepona. Sasa ana miaka 27 na daktari anataka kumbadilishia vali ya mapafu, yaani kilango cha moyo kinachozuia damu iendayo mapafuni isirudi nyuma. Anauliza alikosea wapi.

Hukukosea popote, ndugu yetu. Njia nyembamba ya damu kwenda mapafuni hupanuliwa kwa kushonewa kiraka, na mara nyingi kiraka hicho huiacha vali ikivuja. Chemba ya kulia ya moyo, inayosukuma damu mapafuni, huvumilia miaka mingi huku ikitanuka, na mwenyewe haoni kitu ila ngazi za ghorofani kumchosha kuliko zamani. Inatuuma kwamba watu wazima wengi waliacha kliniki kwa sababu ya neno moja, "umepona".

Usingoje kuhema. Omba MRI ya moyo, picha inayopigwa kwa sumaku: chemba hiyo ikikaribia mililita 160 kwa kila mita mraba ya mwili, mazungumzo ya vali mpya huanza. Ikiachwa itanuke mno, huenda isirudi tena kwenye ukubwa wake wa kawaida.

Kisha tafuta ripoti ya upasuaji wa kwanza, hata kama ni kwenye sanduku la mama kijijini. Makovu huweza kuugandisha moyo nyuma ya mfupa wa kidari, na msumeno wa kufungulia kifua ukaukata. Ndiyo maana CT ya kifua, picha ya eksirei ya tabaka kwa tabaka, hupigwa kwanza. Nafasi ikiwa finyu, mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu huunganishwa kupitia kinena kabla mfupa haujaguswa. Tena, baadhi ya wenye Fallot wana mshipa wa kulisha moyo uliopita mahali pa kukatwa. Ripoti huutaja.

Vali yenyewe huwa ya ng'ombe au nguruwe, na hudumu miaka 10 hadi 15 hivi. Ya chuma hugandisha damu kwa urahisi upande wa kulia wa moyo, hivyo huwekwa kwa nadra. Uliza pia kama yako yaweza kupitishwa kwenye mshipa wa paja bila kupasua kifua. Hutegemea umbo la njia.

Meno yaliyooza yashughulikiwe kabla ya upasuaji, kwani bakteria wa kinywani huweza kufika kwenye vali. Baadaye, kabla ya kung'oa jino, daktari atakupa antibiotiki ya amoksilini, kwa kawaida gramu 2, saa moja kabla, kama huna mzio nayo. Ukipata homa isiyoeleweka, usikimbilie antibiotiki za duka la dawa: zitawaficha bakteria walio kwenye vali. Nenda hospitali, damu ichukuliwe ya kuotesha vijidudu, ndipo uanze dawa.