Kura yako ya kwanza

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza mambo huwaje ndani ya kituo cha kupigia kura, na utafanyaje ukikosea kwenye karatasi. Nimefurahi umeuliza mapema.

Kwanza hakikisha jina lako limo kwenye daftari la wapiga kura, na ujue kituo chako ni kipi. Hapo ndipo wengi wanapokwama: mtu amesimama foleni tangu alfajiri, akifika mezani anaambiwa jina lake liko kituo kingine. Kitambulisho kinachotakiwa kiweke tayari tangu usiku wake.

Karani atatafuta jina lako na kulitia alama. Utawaona mawakala wa vyama wamekaa pembeni; wapo kisheria kuangalia, hawana ruhusa ya kukuelekeza. Ukipewa karatasi, uliza kama inatakiwa kuwa na mhuri, na kama unatakiwa, uone kwa macho yako.

Kisha unaingia kwenye kituturi, yaani kile kibanda cha kupigia kura kwa siri, peke yako. Hapo usikubali kuharakishwa hata kama foleni ni ndefu. Soma maelekezo, soma majina yote, ndipo uweke alama. Usiandike jina lako wala sahihi, kwa kuwa kura inayomtambulisha aliyeipiga inaweza kukataliwa. Ukikosea, usifutefute. Mrudishie msimamizi kabla hujaitumbukiza, umwombe nyingine. Nchi nyingi zinaruhusu, na ile ya kwanza huwekwa kando kama iliyoharibika. Ikishaingia sandukuni haitolewi tena. Na kama umetumia kalamu ya wino, uache ukauke kabla ya kukunja, doa lisije likahamia kwa mgombea mwingine na kuwatia mashaka wanaohesabu.

Mtu akikutaka upige picha ya karatasi yako kumwonyesha, kataa, awe mwajiri, rafiki au ndugu. Uingereza, hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 1872, mpiga kura alimtaja mgombea wake hadharani, na mwenye ardhi aliyompangisha aliweza kujua. Watu walifukuzwa kwa kura zao. Siri hiyo imewekwa kumlinda mtu kama wewe, asiye na wa kumtetea kazini.

Kama kwenu wanapaka wino kidoleni, usihangaike kuusugua. Mara nyingi una nitrati ya fedha, kemikali ambayo hukolea ikipigwa na mwanga, na kwenye ukucha hukaa wiki kadhaa mpaka ukucha ukue.

Jambo la mwisho ni muda. Ukikawia na saa ya kufunga ikakukuta umo kwenye foleni, usiondoke. Katika nchi nyingi aliyekwisha kupanga foleni saa ile ana haki ya kupiga kura, hata akimaliza usiku. Mtu akikuambia kituo kimefungwa, mwulize msimamizi mwenyewe, kwa heshima, na ubaki palepale ulipo.

Mama yako