Umeme ukikatika Bukavu, anza kuangalia mtaro wako

Kwa miaka sita nimeuza juisi ya tangawisi na ya marakuja hapa Kadutu, mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, kwenye kibaraza cha nyumba yetu. Kazi hii haitaki mtaji mkubwa, inataka baridi. Kwa hiyo riziki yangu yote inapita kwenye waya mmoja unaoingia dirishani kwenda kwenye frigo. Wenye biashara kama yangu wananielewa: umeme ukienda jioni ukarudi kesho yake mchana, marakuja inatoa povu, tangawisi inachacha, na wewe unaishia kuwagawia watoto wa jirani bure.

Kila ulipokatika nilikuwa na maneno yangu tayari. Nililaumu kampuni ya umeme, nikalaumu serikali, siku nyingine nikamlaumu jirani mwenye resho mbili, yaani majiko ya umeme. Mimi mwenyewe sikuwemo kwenye orodha, maana nilikuwa mteja anayelipa.

Shemeji yangu ndiye aliyeniharibia hesabu hiyo. Alipata kibarua cha siku chache cha kuopoa takataka kwenye bwawa la umeme la Ruzizi I. Siku ya pili akarudi na chupa moja ya plastiki imejaa matope, shingoni ina kitambaa chekundu. Vitambaa vile navifunga mimi: chekundu ni tangawisi kali, kijani ni ile ya watoto. Akaiweka mezani. "Shemeji, nimekuletea mali yako." Nikacheka. Yeye hakucheka, mikono ilikuwa imemchubuka.

Asiyeujua mji wetu nimweleze kidogo. Bukavu imekaa juu ya vilima, na mvua zetu zinaanza Septemba zikaenda hadi Mei. Ikinyesha, kila kilichotupwa huku juu kinashuka: mtaroni, kwenye kijito, kwenye mto Kawa, halafu ziwani. Wengi wetu tulilelewa tukidhani ziwa ndilo mwisho, kwamba Kivu ni kubwa, itameza. Haimezi. Ziwa Kivu lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni mto Ruzizi, hapa hapa kwetu. Kinachoelea, kiwe kimetupwa Goma kule kaskazini, Idjwi, Kalehe au ng'ambo kwa Wanyarwanda, upepo na maji vikikisukuma kinaweza kuufikia mlango huo. Na ukishatoka mlangoni, mwendo mfupi tu, unakutana na Ruzizi I, iliyojengwa kabla ya uhuru, yenye uwezo wa karibu megawati 30. Chini yake iko Ruzizi II ya 1989, karibu megawati 44, ambayo tunagawana na Rwanda na Burundi.

Shemeji alinieleza vile inavyokuwa. Kabla maji hayajafika kwenye mashine yanapita kwenye vyuma vilivyopangwa kama kichana, vya kuzuia uchafu. Sashe, yaani mifuko ya plastiki, na chupa zinakuja zinajilaza pale, moja juu ya nyingine. Maji yanapungua upande wa mashine, na siku nyingine lazima mashine isimamishwe ili watu waondoe uchafu. Ulioelea unaopolewa kwa mikono, uliozama unataka wapiga mbizi. Mimi nachuja marakuja kila siku. Najua chujio likijaa mbegu juisi inavyodondoka tone moja moja, kwa hiyo hakuhitaji kunieleza mara mbili.

Kuna sehemu ya pili ya mzunguko huu ambayo nilichelewa kuiona. Umeme ukikatika, mtaa mzima unawasha mbabula, yaani majiko ya mkaa. Makala, ndiyo mkaa kwetu, yanapanda bei siku hiyo hiyo, wamama tunalalamika, lakini tunanunua. Makala hayo yanatoka wapi? Mengine yanatoka kwenye miti ya watu vijijini, mengine yanachomwa ndani ya mbuga ya Kahuzi-Biega, mbuga iliyoanzishwa 1970 kwa ajili ya sokwe na iliyo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1980. Kilima kikikatwa miti, udongo unashuka na mvua. Unaelekea wapi? Kule kule chini, pamoja na chupa zangu.

Ndiyo maana mtu akiniambia habari za nishati safi nikimwona anaanza na paneli za jua, namwambia angoje kwanza. Paneli ni nzuri, ninayo ndogo, inawasha ampuli tatu na kuchaji simu. Frigo haiwezi. Umeme wa mto huu ndio nishati safi ambayo mji wetu tayari unayo, na tunauziba wenyewe.

Sasa, nilifanya nini?

Nilianza na chupa, kwa sababu ndiyo iliyoniaibisha. Nikajiuliza kwa nini shemeji aliopoa kila aina ya chupa ya plastiki lakini hakutaja chupa ya Primus. Jibu analijua kila mlevi wa mji huu: chupa ya bia ina thamani. Usipoirudisha unailipa. Hata mtu anayepepesuka anaikumbatia mpaka afikie kaunta. Basi nikaongeza franka 200 kwenye bei ya juisi yangu, na anayerudisha chupa anarudishiwa 200 zake. Wiki mbili za kwanza zilikuwa mbaya. Wateja walidhani nimepandisha bei kwa ujanja, wengine wakahamia kwa mwenzangu wa barabara ya chini. Nikaandika kwenye kartoni kubwa kwa mkaa: CHUPA = 200. Watoto ndio walioielewa kwanza, na sasa wananifuata: "Mama, niko na tano!" Kati ya chupa 60 ninazotoa kwa wiki, zinarudi kama 40, na sinunui tena chupa nyingi kwa waokotaji. Ukitaka kuiga, angalia usafi: zioshe kwa sabuni na maji safi, uzitikise sana, usizimwagie maji yanayochemka maana zinakunjamana. Iliyokwaruzika ndani usiijaze tena juisi. Na usiweke chini ya 200. Nilijaribu 100, hakuna aliyeinama kuiokota.

La pili linahusu jiko, na hapa naomba wamama wenzangu wasinichukie. Tuache kuwashia makala kwa sashe. Nimeifanya miaka mingi, najua inavyoshika moto haraka, lakini ule moshi mweusi ni sumu, na anayeuvuta ni wewe na mtoto uliyembeba mgongoni. Mimi naanika vigunzi vya mahindi juu ya bati, kimoja kinatosha kuwasha mbabula nzima. Maharagi nayaloweka tangu usiku. Yakishachemka kwa nguvu kama dakika ishirini, naitoa sufuria na kifuniko chake, naifungia ndani ya kikapu kilichojaa vitambaa na blanketi kuukuu, naiacha pale mpaka mchana. Yanaendelea kuiva kwa joto lake yenyewe. Mama mkwe wangu alinitazama siku ya kwanza kana kwamba nimelaza mtoto. Alipoonja, akanyamaza. Yakibaki magumu kidogo, unayarudisha motoni muda mfupi, na bado umeokoa makala mengi.

Maganda ya ndizi na majani ya sombe, yaani kisamvu, sichanganyi tena na plastiki. Jirani anafuga simbilisi, anayachukua yote asubuhi.

Kuhusu salongo, yaani kazi ya pamoja ya usafi wa mtaa, nina mengi. Jumamosi tunatoka, tunashika majembe na makoleo, tunachimbua mtaro mpaka unang'aa, tunapiga picha, tunarudi nyumbani. Na lundo? Tunaliacha ukingoni mwa mtaro ule ule! Jumatatu mvua inanyesha, lundo linarudi lilikotoka. Nimeshiriki upuuzi huo kwa miaka bila kuuona. Siku niliyousema mbele ya watu, mzee mmoja wa avenyu yetu, yaani barabara yetu ya mtaani, alinijibu, "Sasa mama, unataka tulibebe kichwani?" Ndiyo, baba, ama tumlipe anayebeba. Tukakubaliana kila nyumba itoe franka 500 kila salongo, tukanunua magunia, na vijana wawili wanayashusha mpaka mahali ambapo gari linaweza kuyachukua. Ushauri wangu kwa avenyu yoyote: kabla hamjashika jembe, jibuni swali la nani anaondoa lundo, saa ngapi, kwa pesa ya nani. Kama hakuna jibu, bora mlale.

Msiiachie sheria peke yake ifanye kazi hii. Mwishoni mwa 2017 serikali yetu ilitoa amri ya kupiga marufuku sashe za plastiki. Soko la Kadutu mnaliona wenyewe, sashe bado zimo. Ng'ambo, Rwanda walipiga marufuku mifuko hiyo tangu 2008, na mimi niliwahi kunyang'anywa yangu pale mpakani, nyanya zangu nikazibeba ndani ya kitenge. Nilikasirika sana siku ile. Sasa kitenge hicho hicho ndicho ninachokwenda nacho sokoni, na wauza nyanya wamezoea kuniona nikikitandika.

Sitawadanganya kwamba umeme wetu umetulia. Bado unakatika, na sababu nyingine haziko mikononi mwangu: kabini ya kugawa umeme mtaani inaungua kwa sababu imebebeshwa nyumba nyingi, nyaya zimechoka, watu tumeongezeka. Tangawisi yangu bado inachacha mara moja moja. Ila nikikaa gizani sasa, najua sehemu gani ya giza hilo inanihusu.

Shida tuliyonayo kwa sasa ni avenyu iliyo juu yetu. Tukisafisha, wao wanateremsha. Tumetuma wamama watatu kwenda kuzungumza nao, wakapokewa vizuri, wakapewa hata chai. Jibu likawa kwamba wako tayari kuanza, lakini sisi wa chini tuchangie magunia yao, kwa kuwa faida ni yetu. Nusu ya avenyu yetu inasema huo ni wizi. Mimi nimehesabu: magunia kumi ni bei ya frigo moja ya juisi iliyochacha. Jumamosi hii tunakutana tena, na nitakwenda na hesabu hiyo mkononi, pamoja na chupa ya shemeji, ambayo sijaiosha.