Maswali ya wasomaji: kile kifungu cha kukuzuia kushtaki pamoja na wenzako

SWALI: Shikamoo kaka. Kuna apu nalipia kila mwezi, juzi wamenitumia imeili ndefu kwamba wamebadilisha vigezo na masharti. Siku zote huwa napita tu ila safari hii nikasema ngoja nisome, nikakuta kifungu kinasema ugomvi wowote kati yangu na wao utaamuliwa na msuluhishi binafsi, siyo mahakama, na kwamba nimekubali kutojiunga na kesi yoyote ya pamoja dhidi yao. Sina ugomvi nao mimi. Kuna ubaya nikibofya nakubali? Na kama nilishabofya ndo basi tena?

JIBU: Marahaba dada. Umefanya la maana sana kusoma, na ubaya upo, ila haupo pale wengi wanapodhani.

Watu wakisikia habari ya kushtaki wanawaza balaa kubwa, mtu kaumia au kapoteza mamilioni. Mwenye hasara kubwa hata akiwa peke yake wakili atampata. Kifungu hiki kinaua kesi ndogo. Chukulia kampuni imekata kila mteja dola 3 za ziada kinyume na makubaliano, na wateja wako milioni 2, hapo kampuni imeingiza dola milioni 6 na wewe umepoteza dola 3, sasa nani ataacha kazi zake akaandike madai, akalipe ada, akatafute wakili kwa ajili ya dola 3? Hakuna, na kampuni inalijua hilo kabla hata haijakata. Kesi ya pamoja ipo kwa sababu hiyo hasa, mtu mmoja au wawili wanafungua kwa niaba ya wote, ushahidi unatolewa mara moja, gharama inagawanyika, na ile milioni 6 inaonekana kama milioni 6. Ukimlazimisha kila mtu aende kivyake hela inabaki kwa aliyeichukua. Mimi hili linanikera kweli, kwa sababu kwenye karatasi haki yako bado ipo, umeondolewa njia tu ya kuifikia.

Chimbuko lake kubwa ni Marekani. Kule kuna sheria ya usuluhishi ya mwaka 1925, inayotaka makubaliano ya kwenda kwa msuluhishi yaheshimiwe, na mwaka 2011 Mahakama ya Juu ikaamua kesi ya kampuni ya simu ya AT&T na mume na mke mmoja wa California. Walitangaziwa simu ya bure, wakaja kutozwa kodi ya dola 30.22, wakashtaki pamoja na wengine. California ilikuwa na msimamo kwamba kumnyima mlaji kesi ya pamoja kwenye hela ndogo kama hizo ni uonevu, lakini majaji 5 dhidi ya 4 wakasema sheria ile ya 1925 inashinda msimamo wa jimbo. Baada ya hapo kifungu kikasambaa kila kona, simu, benki, magemu, apu za usafiri. Mwaka 2017 taasisi ya serikali ya kulinda walaji wa huduma za fedha ilitunga kanuni ya kuwarudishia wateja wa mabenki haki ya kesi ya pamoja, Bunge likaifuta mwaka huohuo kabla haijaanza kutumika, na kwenye Seneti kura zililingana 50 kwa 50 mpaka makamu wa rais akaja kuamua.

Lakini usije ukadhani dunia nzima iko hivyo, na hapa ndo pa kutuliza akili. Kwenye nchi za Umoja wa Ulaya kuna agizo la mwaka 1993 kwamba sharti lisilo la haki kwenye mkataba wa mlaji halimfungi, hata kama alisaini. Jimbo la Ontario kule Kanada limepiga marufuku moja kwa moja kifungu cha kumzuia mlaji kujiunga na kesi ya pamoja. Australia mwaka 2023 Mahakama Kuu ilikitupa kifungu cha namna hii kwenye kesi ya abiria wa meli ya Ruby Princess, ikasema si cha haki. Kwa hiyo mkataba uleule, maneno yaleyale, unaweza kukubana ukiwa nchi moja na usikubane ukiwa nyingine. Angalia wewe unaishi wapi na sheria ya mlaji ya hapo inasemaje, maana kampuni nyingi huandika mkataba mmoja wa dunia nzima alafu chini kabisa kunakuwa na aya ya wakazi wa nchi fulani fulani, hiyo aya usiiruke.

Sasa kama ulishabofya. Rudi kwenye kifungu chenyewe utafute sehemu ya kujitoa. Mikataba mingi ya Kimarekani inatoa siku 30 tangu ukubali, unaandika imeili au barua kwa anwani waliyoitaja kwamba hukubali usuluhishi, na huduma unaendelea nayo kama kawaida. Wachache sana wanaoitumia kwa sababu imefichwa katikati ya maneno. Ukituma, tunza nakala yenye tarehe. Piga na skrinishoti ya masharti ya zamani na mapya maana yakishabadilishwa kwenye tovuti, yale ya zamani ni tabu kuyapata. Siku zikiwa zimepita angalia kama wameacha mlango wa mahakama ya madai madogo, mingi inauacha, na malalamiko kwa mamlaka ya serikali inayolinda walaji hakuna mkataba wa apu unaoweza kukuzuia kuyapeleka.

Na usuluhishi wenyewe unaweza kuzigeukia kampuni. Kule Marekani mara nyingi kampuni ndiyo inayolipa ada kubwa kwa kila shauri, basi mawakili wakaanza kupeleka mashauri maelfu kwa mpigo, moja moja kama mkataba unavyotaka. Amazon walipokuwa wamepelekewa zaidi ya 75,000 walikiondoa kifungu chao mwaka 2021, watu warudi mahakamani. Valve, wenye duka la magemu la mtandaoni liitwalo Steam, nao wakakiondoa 2024.

SWALI: Kaka, kuna huduma nilijisajili majaribio ya bure, nikaacha miaka iliyopita. Masharti yale bado yananihusu?

JIBU: Yanaweza, ndugu yangu. Mingi ya mikataba hiyo inasema kifungu cha usuluhishi kinaendelea hata ukifunga akaunti. Mwaka 2024 mwanaume mmoja aliyefiwa na mkewe baada ya kula kwenye mgahawa ulioko eneo la Disney kule Florida alishtaki, na Disney wakadai aende kwa msuluhishi, sababu mojawapo eti mwaka 2019 alijisajili majaribio ya Disney+, huduma yao ya kutazama filamu mtandaoni. Watu walipopiga kelele wakaliondoa ombi lao, kwa hiyo mahakama haikupata kuamua kama lingesimama. Tafuta imeili ile ya siku uliyojisajili, usiifute, ndiyo itakayoonyesha ulikubali toleo lipi la masharti na lini.